Ini limepanda, au kimepanda nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilimpeleka mama kupima damu hapa Tanga, majibu yakatoka tukaambiwa "maini yako juu". Kufika nyumbani Makorora shangazi kusikia tu akaanza kulia, anajua ni homa ya manjano. Sasa tuseme ini au maini? Na hasa kimepanda nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na mpe mama pole. Binadamu ana ini moja, kwa hiyo ni ini la mama, ini lake. Maini tumeyazoea buchani, ukifika Mgandini humsikii mtu anasema nipimie ini, anasema nipe maini nusu kilo, na ya kulia chapati asubuhi ni maini vilevile hata yawe ya mbuzi mmoja. Hata mtu akikusema maneno mazito amekukata maini. Hayo yote ni Kiswahili safi, ila kwa mgonjwa sema ini.

Hilo la "yako juu" ndo linaniuma kwa kweli. Ini halijapanda popote, lipo palepale chini ya mbavu za kulia. Kilichozidi ni vimeng'enya kwenye damu, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini, hasa viwili vinavyoitwa ALT na AST, hivi hukaa ndani ya seli za ini, seli zikiumia vinavuja vinaingia kwenye damu na maabara ndo inavikuta huko. Alafu AST ipo pia kwenye misuli na moyo, kwa hiyo ikipanda hiyo peke yake usikimbilie kulisingizia ini. Na tena sio kila kipimo ubaya wake ni kupanda, albumini ni protini inayotengenezwa na ini lenyewe, ini likichoka sana yenyewe inashuka, sasa hapo "maini yako juu" itakuwa na maana gani? Mi ningesema "vimeng'enya vya ini vimezidi kiwango", ni maneno mengi kidogo lakini shangazi angeuliza kwanza kabla ya kulia.

Homa ya manjano ni ugonjwa wa kirusi kinacholetwa na mbu. Homa ya ini ni kitu kingine, ini lenyewe limeshambuliwa, mara nyingi na virusi kama vile vya B au C. Watu wanachanganya kwa sababu ya macho, yote mawili yanaweza kuyageuza rangi ya manjano, na hiyo rangi inatokana na bilirubini, taka inayobaki chembe nyekundu za damu zikivunjika, ini ndo huitoa kupitia nyongo, likishindwa inajaa mwilini. Kwa hiyo macho ya manjano ni dalili tu, sio jina la ugonjwa.

Karatasi ya majibu kama bado mnayo itazame, pembeni ya kila namba pameandikwa kiwango cha kawaida cha maabara hiyo. Mkirudi kwa daktari mtajie kipimo kwa jina lake, "ALT ya mama imezidi kwa sababu gani?", hapo atakujibu ulichouliza.