Kabla Hujakubali Kuwa Giaboksi Imekufa

Gereji hakuna kauli inayomaliza hela kama hii: "Bosi, giaboksi imekufa hii, tutafute ya mtumba." Wapo mafundi wanaoitamka hata boneti halijafunguliwa. Mimi naendesha Toyota IST hapa Dar, na kwa kuwa napenda kushinda kwenye magari, ndugu na majirani hunipigia simu wakishaambiwa hivyo. Giaboksi nyingine huwa kweli zimekwisha. Nyingi nilizoziona hazikuwa zimekufa: oili ilipungua, au iliwekwa isiyo yake, au ugonjwa haukuwa giaboksi kabisa.

Kwa hiyo anza na dipstiki ya giaboksi, kijiti cha kupimia oili, kama gari lako linayo. Hapa watu wengi hupimia kama wanavyopima oili ya injini, asubuhi gari likiwa la baridi na limezimwa, wakapata jibu la uongo. Kwenye Toyota za otomatiki za rika la IST, zungusha gari kwanza mpaka oili ipate moto, egesha sehemu tambarare, acha injini inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia taratibu kutoka P hadi L, sekunde chache kila moja, kisha rudisha P. Sasa chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe, ichomoe tena. Soma alama za HOT. Zile za COOL ni za kukupa makadirio tu. Honda wao wanataka uzime injini kwanza ndipo upime, kwa hiyo usichukue utaratibu wa gari la jirani ukaufanya wako.

Ikiwa chini ya alama, ndiyo maana gari linachelewa kushika D, au mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda huku gari halisogei sawasawa. Ongeza kidogo kidogo kwa faneli na upime kila mara. Ikizidi nayo ni balaa: gia huichapa mpaka inatoa povu, presha inayumba, na utaona dalili zilezile za oili pungufu.

Kisha itazame na uinuse. Oili nzima ya Toyota hizi ni nyekundu na unaona mwanga ukipita ndani yake. Ikiwa ya kahawia, imechoka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi za ndani zinaliwa. Ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa strobeli, zima gari hapohapo. Oili ya giaboksi kwenye magari mengi hupoozwa ndani ya rejeta, na rejeta ikitoboka kwa ndani maji yanaingia kwenye giaboksi. Ukiliendesha mpaka nyumbani, umeliua wewe.

Ukiona tone jekundu chini ya gari, usikurupuke. Pawa stelingi nyingi zinatumia oili nyekundu ya aina hiyohiyo, na kulanti (maji ya kupoza injini) ya Toyota nayo huwa nyekundu au ya pinki. Sugua kwa vidole: oili inateleza na haikauki, kulanti ina umajimaji na ikikauka huacha unga. Halafu angalia tone linaangukia wapi.

Kwenye aina ya oili ya otomatiki, yaani ATF, sina upole. Muuzaji akikwambia "ATF ni ATF bosi, zote nyekundu," hama duka. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zinataka T-IV, zilizofuata zinataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi. CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, ndiyo kabisa haitaki utani: ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kisiteleze juu ya chuma. Ukimimina ATF ya kawaida humo, mkanda unateleza na puli zinachubuka. Toyota za CVT hutumia TC au FE, Nissan nyingi NS-2 au NS-3. Na jina la gari halikuambii kila kitu: Vitz za kwanza za otomatiki nyingi zina giaboksi ya kawaida, zile zilizoanza 2005 nyingi ni CVT. Soma kwenye dipstiki au kitabu cha gari.

Mkiwa kwa fundi wa kumwaga oili, simama uangalie nati anayofungua. Kwenye Subaru nyingi nati ya giaboksi haiko mbali na ya injini. Anayefanya haraka humwaga ATF yote, kisha anajaza oili mpya kwenye injini ambayo bado imejaa ya zamani.

Kuna imani kwamba ukibadilisha oili ya giaboksi iliyokaa sana, ndiyo inakufa. Zinazokufa hivyo mara nyingi zilikuwa zimeshaanza kuteleza, na mwenye gari akakimbilia oili kama dawa ya mwisho. Kama gia bado zinashika vizuri na oili imechoka tu, badilisha bila kuisukuma kwa mashine ya presha. Ukifungua nati ya sampu (beseni la oili chini ya giaboksi) hutoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi. Jaza kiasi kilekile kilichotoka, tembelea, kisha rudia baadaye.

Oili ikiwa safi na gari bado linatikisika? Shuku injini. Plagi au koili mbovu hulifanya gari litetemeke likiwa na mzigo, hasa kwenye mwinuko, na mtu akaapa ni giaboksi. Lisome kwa mashine ya kupimia kompyuta ya gari: namba za hitilafu P0300 hadi P0304 ni za injini kukosa moto, P0700 ndiyo inayokwambia kompyuta ya giaboksi ina malalamiko. Mshtuko wa "du!" ukiingiza D au rivasi unaweza kuwa mauntingi zilizokatika, yaani raba zinazoshikilia injini na giaboksi, na hizo ni hela ndogo mno ukilinganisha na giaboksi.

Wanaopandisha mlima Kitonga, njia ya Iringa, na familia na mizigo: joto ndilo adui. CVT ikianza kupoteza nguvu katikati ya mlima, usiikandamize. Tafuta sehemu salama, weka P, acha injini iungurume ili oili ipoe. Na likigoma kabisa, usikubali otomatiki ivutwe kwa kamba safari ndefu. Pampu ya oili inazungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizimwa gia zinazunguka bila kulainishwa. Magurudumu yanayosukuma gari yanyanyuliwe, au lipakiwe zima juu ya gari la kubebea. Dereva wa brekdauni akisema "tutaenda polepole tu bosi," mwambie apakie.