Kumdhamini mfanyakazi mwenzako mkopo

Umeuliza kama umkubalie mfanyakazi mwenzako anayetaka umdhamini mkopo, maana unaona haya kumkatalia. Mimi nasema usisaini, angalau si sasa. Wengi hudhani mdhamini ni shahidi tu wa tabia njema. Sivyo. Saini yako ni ahadi kwamba akishindwa kulipa, deni ni lako: salio, riba, na mara nyingi faini za kuchelewesha. Mkopeshaji atakufuata wewe mwenye mshahara unaoonekana, hata kama mwenzio ameshaacha kazi.

Kama bado unafikiria kukubali, kwanza mwombe akuonyeshe mkataba wenyewe, usiridhike na maneno ya mdomo. Tafuta kipengele kinachosema dhamana yako inaishia kiasi gani, na kama inahusu mkopo huu tu au na ile atakayoongeza baadaye. Hicho cha pili ndicho kinachowaumiza watu kwelikweli.

Kuhusu kuona haya, ukishaamua kukataa, mwambie leo, uso kwa uso: "Ndugu yangu, sitaweza kukudhamini." Usimzungushe kwa "nitaangalia", kwani naye anahitaji muda wa kutafuta mtu mwingine. Kama una akiba kidogo, mpe kiasi ambacho hata kisiporudi hutakosa usingizi.