Akili anazo, maneno ndo hana: nilivyomwandaa binti yangu kwa intavyuu ya sekondari

Mbukwenyi wazazi wenzangu. Hili swali nimeulizwa sana kibandani kwangu, yaani mtu anakuja kupunguza sketi anaishia kuniuliza binti alipitaje ile intavyuu, nikaona niandike tu mara moja nimalize. Mimi sio mwalimu, ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma, shule niliishia form four na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Watoto wangu wamesoma shule ya msingi ya serikali, Kiswahili mwanzo mwisho, halafu wote wawili wakakutana na mtihani wa kuingia sekondari ya binafsi ulioandikwa Kiingereza kitupu. Wa kwanza alifeli, wa pili kapita. Na nawajua wote wawili vizuri, huyu hamzidi yule akili hata kidogo.

Kaka mtu alimaliza mtihani wa la saba mwezi wa tisa, wiki tatu baadaye tukampeleka intavyuu. Tulijua ataulizwa hesabu na Kiingereza kile alichozoea, kumbe kuna karatasi ya tatu, ile sisi wazazi tunaiita maswali ya IQ: neno gani halifanani na wenzake, hiki kwa kile ni kama nini kwa nini, herufi gani inafuata, neno lipi lina maana karibu na hili. Mtoto akatoka macho mekundu. Nikamwambia hukusoma wewe, ulikuwa unacheza mpira tu. Najuta mpaka leo.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya mdogo wake, nikasema safari hii siendi kichwakichwa. Kuna mteja wangu ni mwalimu, akaniambia Uingereza watoto wa miaka 10 na 11 wana mtihani wao wanauita eleven plus, wa kuingia zile sekondari za serikali zinazochagua wanafunzi, na haya maswali ya maneno wenzetu wanayafanya kwa wingi, mazoezi yapo bure mtandaoni. Akanidaunlodia, nikaprinti, jioni tukakaa mezani mimi na binti, kaka yake pembeni anajifanya yuko bize na simu.

Swali la nne, nalikumbuka vizuri, lilikuwa thimble kwa finger ni kama helmet kwa nini. Binti akaduwaa. Mimi pia nikaduwaa. Kaka mtu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, maswali yenyewe ndo kama haya." Tukachukua kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, tukatafuta thimble, na mwenzenu nikabaki mdomo wazi, kumbe ni kastabini! Kile kidude cha kuvaa kidoleni sindano isikuchome, ninacho kwenye mkebe wa vifungo miaka yote. Nikamwambia binti, haya, kastabini kwa kidole ni kama helmeti kwa nini? Wakajibu wote wawili kwa pamoja, "Kichwa!" Hata sekunde mbili hazikuisha. Nikamwangalia yule kijana wangu, nikaona aibu.

Ukurasa uliofuata kuna orodha, kiwi, ostrich, penguin, eagle, toa asiyehusika. Binti akazungushia kiwi fasta, anajiamini kabisa. Kwa nini? "Si ni rangi ya viatu mama, hao wengine ndege." Sasa hapo utamlaumu nani? Kwa mtoto wa Dodoma kiwi ni kile kikopo cha kung'arishia viatu Jumapili jioni, hajui kwamba kuna ndege wa New Zealand anaitwa hivyo na haruki kama mbuni na penguini wasivyoruka, kwa hiyo aliyetakiwa kutoka ni eagle, tai, anayeruka. Ila ukisikiliza hoja yake imenyooka, alitafuta kitu kimoja kisichofanana na akakipata, kilichomwangusha ni neno.

Basi kuanzia siku ile nikagawa kazi mbili. Kufikiri tufanye kwa Kiswahili kwanza, maneno ya Kiingereza tuyakusanye pembeni, halafu viwili vije vikutane mbele ya safari. Wengi tunafanya kinyume, tunampeleka mtoto tuisheni ya pre form one anakaririshwa majibu ya mitihani iliyopita, siku ya siku swali limebadilishwa neno moja tu kachanganyikiwa.

Kufikiri kwa Kiswahili nilianza na vitendawili, na hapa mama yangu mzazi ndo alikuwa mwalimu, tulimpeleka binti kwake Mpwapwa likizo ya mwezi wa sita. Bibi akitega "nyumba yangu ina nguzo moja", mtoto akijibu uyoga haachiwi hivihivi, anaulizwa kwa nini uyoga, nguzo ni nini na paa ni nini. Hiyo "kwa nini" ndo dawa yenyewe. Maana lile swali la hiki kwa kile ni kitendawili tu kimevalishwa suti, unatafuta vitu viwili vinahusiana vipi halafu unahamishia uhusiano uleule kwingine.

Na usimruhusu mtoto kujibu kabla hajautamka huo uhusiano kwa sentensi nzima, kwa sauti. Mfano huu niliutunga mwenyewe: mkulima kwa jembe ni kama fundi cherehani kwa nini, chagua sindano, gauni, mteja au kitambaa. Binti akachagua gauni kwa sababu fundi anashona gauni. Kweli anashona, ila sema sentensi ya kwanza kwanza. "Mkulima anatumia jembe kufanyia kazi." Haya, fundi anatumia nini kufanyia kazi? "Sindano." Sasa kuna siku sentensi yake inakuwa pana mno, majibu mawili yote yanaingia, mfano akisema tu mkulima ana jembe, basi na fundi ana kitambaa, ana sindano, ana na mteja. Hapo inabidi sentensi uibane kama unavyobana gauni kiunoni mpaka libaki jibu moja. Hii ya sentensi peke yake nahisi ndo ilimpa nusu ya maksi zake.

Kuna na yale ya "wote" na "baadhi", watoto wanaliwa sana pale. Mbuzi wote wana mkia, huyu mnyama ana mkia, je huyu ni mbuzi? Atakwambia ndiyo. Usimbishie, mwambie akutafutie mnyama mmoja tu mwenye mkia ambaye si mbuzi. Akisema ng'ombe, ameshajijibu.

Haya, tuje kwenye maneno, huku ndo kuna kazi. Nilianza kwa pupa, maneno 20 kwa siku, baada ya wiki nikimuuliza la Jumatatu halijui. Tukashusha hadi 5 kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikakata maboksi ya biskuti vipande vidogo (nilitumia mkasi wa kitambaa, usije ukarudia kosa langu, mkasi umekufa makali), upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili maana, kinyume chake na sentensi aliyoitunga mwenyewe. Sio sentensi ya kamusi, ya kwake, tena ikiwa ya kuchekesha ndo inakaa zaidi. Neno stingy aliandika my brother is stingy with his phone.

Kadi zinakaa kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitatu. Chumba cha kwanza zinaulizwa kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Akipata, kadi inasogea chumba cha mbele, akikosa inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa cha tatu. Huo mtindo wa maboksi sio wangu, ni wa Mjerumani mmoja, Sebastian Leitner, alioueleza miaka ya 1970, na uzuri wake muda wako wote unaishia kwenye maneno magumu, yale anayoyajua hayakuchoshi. Mpaka mwezi wa tisa tulikuwa na kadi 300 na ushee, na tulikuwa tunaruka siku jamani, msione kama nilikuwa sajenti, kuna wiki nzima ya harusi ya watu hatukugusa.

Maneno yenyewe tulitoa wapi? Kila mahali. Pakiti ya dawa, mashine ya benki ukichagua Kiingereza (insufficient niliijua mimi kabla yake, salio linafundisha), mabango ya barabarani daladala ikitoka Nkuhungu kwenda mjini. Alikuwa anaandika kwenye kijidaftari, tukifika anatafuta.

Kilichonifurahisha zaidi ni kugundua Kiswahili chenyewe ni daraja. Mtoto anajua tayari lima inazaa mkulima, soma inazaa msomaji, somo na usomaji, hajawahi kufundishwa ila anajua. Sasa mwambie Kiingereza nacho kinazaa, ila badala ya kuongeza m mbele kinaongeza er nyuma, farm inakuwa farmer, teach inakuwa teacher. Funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, hiyo ua yetu ya mwishoni ya kutengua jambo wenzetu wanaiweka mwanzoni, tie na untie, lock na unlock. Halafu kuna vipande walivyorithi kwa Walatini na Wagiriki, port ni kubeba, ndo unapata import, export, transport, portable, na tele ni mbali, telephone, television, telescope. Ukijua kipande kimoja umepata maneno manne kwa bei ya moja. Nikamwambia hata Dodoma ni hivyohivyo, wazee wanasema imetoka kwenye Kigogo idodomya, imezama, kwa ajili ya tembo aliyezama matopeni. Akafikiri kidogo akasema, "Kama kudidimia mama." Nikasema eeh, hapohapo.

Ila daraja lina mashimo. Hoteli yetu ni pa kula wali maharage, hotel yao ni pa kulala, akiulizwa hotel kwa guest atakosea kama hajui. Kuazima kwetu ni kuchukua na ni kutoa pia, kwao ni borrow na lend, maneno mawili tofauti kabisa. Na l na r, sisi wengine wa huku zinatusumbua, collect na correct, pray na play, lile la kwanza la kukusanya na la pili la kusahihisha, lile la kuomba na lile la kucheza. Hizo weka kadi mojamoja na usome kwa sauti mpaka ulimi ukubali.

Maswali ya herufi ni rahisi ukijua njia. Mwambie akikaa tu kabla ya kusoma lolote aandike juu ya karatasi A mpaka Z na namba chini yake 1 mpaka 26. Kijana wangu wa kwanza ndo alinipa hili, aliniambia alihesabu kichwani akaruka Q na X kwa sababu kwenye alfabeti ya Kiswahili hazipo, kwa hiyo kila kitu kuanzia R kikahama. Akishaandika, DOG ikigeuzwa EPH ataona kila herufi imesogea moja, basi CAT ni DBU. A, C, F, J, inafuata nini? Namba zake 1, 3, 6, 10, inaongezeka 2, 3, 4, sasa ongeza 5, ni 15, ni O. Na kuna neno la kukariri, EJOTY, halina maana yoyote ila E ni 5, J ni 10, O ni 15, T ni 20, Y ni 25. Binti alikuwa anatembea anaimba ejoti ejoti mpaka majirani wakadhani ni jina la mchumba.

Muda nao upime. Wiki mbili za mwisho niliweka saa ya simu, maswali 20 dakika 15, na sheria moja: swali likikaa sekunde 40 ruka, weka alama, utarudi. Usiku wa kuamkia intavyuu hakusoma kitu, alikula mlenda na ugali akalala saa mbili.

Alipita, sio wa kwanza, katikati huko. Kwenye daladala tukirudi nikamuuliza neno gani hukulijua, akasema reluctant, alikisia kwa kusoma sentensi nzima, na alikisia sawa. Tukaliandika kadi usiku uleule pamoja na sentensi yake: my brother is reluctant to wash the plates. Kaka mtu kaisoma, kaiona ni uonevu, na vyombo vilikuwa bado viko kwenye beseni.