Usikubali kupigiwa Windows upya kisa programu imegoma kutoka

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, kaondoa antivairasi ya zamani, kila akiweka mpya inagoma inamwambia ile ya kwanza bado ipo, na fundi kashamwambia hapo ni kupiga Windows upya tu. Nilipandwa na hasira kwa kweli, maana hii dawa ya kupiga Windows upya imeshapoteza picha na kazi za watu wengi wanaokuja kwangu wakilia.

Nikamwambia dada yangu usiguse kitu. Antivairasi inaingiza draiva na sevisi, yaani vijiprogramu vinavyofanya kazi chinichini, ndani kabisa ya Windows, ukiiondoa kawaida mizizi inabaki, na kampuni zinazoitengeneza zinalijua hilo ndo maana nyingi zinatoa kiprogramu cha bure cha kung'olea mabaki. Akakishusha kwenye tovuti yao wenyewe, akakiendesha, akarestati, mpya ikaingia bila shida, faili zake zote zipo. Yaani nilijisikia vizuri siku nzima.

Sasa sikieni, kazi ya kufuatilia programu inaweka nini na wapi inaanza kabla hujainstoli. Mi kompyuta yangu haingii kitu kipya bila Total Uninstall, programu ya kufuatilia na kuondoa programu nyingine, kupiga picha ya folda na rejistri (daftari la mipangilio ya Windows) kwanza, nikimaliza kuinstoli inapiga tena, inalinganisha, najua kila kilichoongezeka. Revo Uninstaller ya kulipia nayo inafuatilia programu wakati inainstoliwa, ya bure inatafuta mabaki baada ya kuondoa, si haba.

Kama ulishainstoli bila kufuatilia, ukishaiondoa programu saka mabaki mwenyewe: bonyeza Windows na R, andika %appdata%, kisha %localappdata%, kisha %programdata%, pita na kwenye Program Files zote mbili. Tafuta jina la programu na la kampuni pia, wengi wanatafuta programu tu wakati folda imeandikwa jina la kampuni. Kwenye rejistri angalia HKEY_CURRENT_USER\Software, ila toa kopi kwanza, nasema tena toa kopi kwanza! Na hizo programu za kusafisha rejistri kwa klik moja achaneni nazo, Microsoft wenyewe hawaziungi mkono.

Ile folda ya C:\Windows\Installer nayo hata ukikuta imekula magiga mangapi usiifute, programu nyingi ulizonazo zinaitegemea siku ya kuapdeti na siku ya kuziondoa.