Jina la Nani Litangulie?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Ninafundisha chuo kikuu hapa Unguja. Mwanafunzi niliyemsimamia tasnifu ya uzamili, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari huko Wete, amekubali tuichapishe kazi hiyo kama makala ya jarida. Je, jina langu litangulie, kwa kuwa mimi ndiye nitakayeiandika upya?

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Makala inayotokana kwa kiasi kikubwa na tasnifu yake itangulizwe jina lake. Nawe hustahili kuwa mwandishi kwa kule kusimamia tu. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo kanuni zake hufuatwa hata nje ya tiba, inataka kila mwandishi awe amechangia kwa uzito katika wazo au data, ameiandika au kuihakiki rasimu, ameridhia toleo la mwisho na yuko tayari kuiwajibikia kazi nzima. Ukitimiza hayo, nafasi ya pili ni haki yako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba bado anakuona mwalimu wake, na huenda akaona haya kukupinga. Basi anzisha wewe mazungumzo, kabla ya rasimu, juu ya mpangilio wa majina, nani atawasiliana na jarida na nani atalipa ada, ikiwapo. Yeye anasahihisha madaftari jioni, na pengine hana tena ruhusa ya kutumia maktaba ya chuo. Mpelekee makala za kusoma, umpe na muda. Ridhaa ya waliohojiwa nayo iangaliwe: waliridhia maneno yao yachapishwe, au yatumike katika tasnifu pekee?