Re: Kwa nini seli ya ngozi haijigeuzi kuwa ya neva?

Mkuu, umeuliza kwa nini seli ya ngozi isijigeuze kuwa ya neva ilhali DNA yao ni ileile. Tofauti haiko kwenye herufi za DNA, iko kwenye alama za kemikali zilizobandikwa juu yake. Vikundi vya metili, mojawapo ya alama hizo, hunyamazisha jeni zisizohitajika, na histoni, zile protini ambazo DNA imezizunguka, hukaza au kulegeza sehemu fulani. Seli ikishakomaa, jeni za ushina (zinazoipa seli uwezo wa kuwa seli ya aina yoyote) kama Oct4 hufungwa hivyo, na kufuli hizo hurithiwa seli inapogawanyika.

Mwaka 2006 mwanasayansi wa Japani Shinya Yamanaka alionyesha kwa seli za panya kwamba protini nne, Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, zinaweza kufungua kufuli hizo na kuirudisha seli iliyokomaa kuwa seli shina, yaani seli inayoweza kugeuka kuwa ya aina yoyote. (c-Myc huchochea saratani, ndiyo maana wengi huikwepa.) Ila kazi huchukua wiki kadhaa, na kwa njia ile ya awali haifaulu hata seli 1 kati ya 100.

Tena ufutaji wa alama za zamani mara nyingi haukamiliki: seli shina iliyotokana na seli ya damu hupenda kurudi kuwa damu kuliko kuwa neva, hasa mwanzoni. Binafsi, hilo ndilo ningeliuliza kwanza kwa yeyote anayetangaza tiba ya seli shina.