Kombaini ya rota ama ya drumu, tununue gani?

SWALI: Mhariri habari, mimi naishi Kasarani lakini na bro wangu tumekodi ekari 180 huko Timau, ngano na mwaka huu tumejaribu kanola (ile ya mbegu za mafuta). Kila msimu tunapigia wenye kombaini (mashine za kuvuna) simu hadi ngano inanyeshewa shambani, so tumeamua kununua yetu. Tumeona mtumba mbili Industrial Area, Case IH ya rota na Claas Dominator ya drumu. Broka anasema tuchukue rota ati ndio ya kisasa. Ni ukweli? – Baba Pendo

JIBU: Baba Pendo, hizo Axial-Flow, yaani hizo za rota unazoita Case IH, zilianza kuuzwa 1977, kwa hivyo hiyo "kisasa" ya broka ina wajukuu sasa. Si mashine mbaya lakini. Rota inasugua nafaka polepole badala ya kuipiga, punje hazipasuki ovyo, na mtu wa mahindi ama soya ningemwambia achukue hiyo bila kufikiria. Shida inakunywa dizeli na inasagasaga majani, na nyinyi hapo Timau najua kuna watu wa ng'ombe wanasubiri hayo majani yafungwe beli, hiyo ni pesa. Dominator inapiga na drumu halafu majani yanatikiswa kwa nyuma yanatoka marefu, yanafungika vizuri. Ubaya wake ni mteremko, shamba likiinama nafaka yote inakimbilia upande mmoja na nyingine inatoka nje na majani. Kama kwenu ni tambarare mimi ningechukua Dominator.

Sasa kanola, hapo ndio watu hulia. Ngano unaeza piga drumu mizunguko kama 900 kwa dakika, kanola shusha iwe karibu 600 na feni pia punguza, mbegu ni nyepesi itapeperushwa yote. Alafu ni ndogo sana inapita kwa tundu lolote, so usiku, mmoja wenu aingie kwa tangi la nafaka na tochi, mwingine azunguke nje akiangalia mwanga unatokea wapi, kila mahali mzibe na silikoni. Na kisu cha mbele kiwe kimesogezwa mbele kidogo kutoka kwa heda (ile sehemu ya mbele inayokata), maganda yakipasuka yapasukie ndani si chini.

Usilipe kama hujaiona ikivuna. Ikishapita shambani pima mita moja mraba nyuma yake uhesabu punje zilizoanguka (toa zile zilikuwa chini tangu mwanzo). Punje 250 za ngano, zikiwa hivyo upana wote wa heda, ni karibu kilo 40 kwa ekari, yaani nusu gunia hivi unaachia ndege, na kwa ekari 180 piga hesabu mwenyewe. Broka akisema haiwezi toka yadi, mwachie hapo hapo na usasa wake.